Kabla ya kumfukuza mgeni, mwenyeji aandikishwe

Mjadala juu ya wageni wanaoishi Kivu ya Kaskazini bila ruhusa umerudi Goma, sokoni Birere na kwenye vipindi vya redio. Wengi wanasema wageni wanachukua mashamba, wanachukua kazi, wanaleta vita. Ni kweli, kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anakaa. Lakini haki hiyo inahitaji daftari la raia, na hapo ndipo Kongo imekwama.

Hesabu ya mwisho ya watu nchini ilifanywa mwaka 1984. Leo raia anajitambulisha kwa kadi ya uchaguzi. Mtoto hana kadi hiyo. Mama aliyekimbia risasi Sake au Kitshanga akaiacha nyumbani hana pia. Kwenye barieri, mama huyo na mtu aliyevuka mpaka usiku wanaonekana sawa: wote hawana karatasi.

Karatasi ikikosekana, watu wanapimwa kwa sura, jina na lafudhi. Kivu imeshalipa bei ya kipimo hicho. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Mwaka 1993 majirani wakauana Masisi. Sheria ya Novemba 2004 ilijaribu kutengeneza mambo, lakini sheria bila karatasi mkononi haimlindi mtu.

Mei 2025 mambo yalionekana wazi. M23 ilivusha mamia ya watu kwenda Rwanda, wengi wao wanawake na watoto, ikisema ni Wanyarwanda. Shirika la Human Rights Watch lilisema kati ya waliovushwa kulikuwa na Wakongo. Mtu asiye na cheti atajiteteaje akiambiwa kwao si hapa?

Wapo wanaojibu kwamba karatasi zinanunuliwa, na kwamba kuandikisha wakimbizi wa ndani ni kuwafungulia wageni mlango. Hofu hiyo si ya kudharau. Dawa yake ni mashahidi. Watu wa kijiji kimoja mara nyingi walikimbia pamoja: mzee wa kijiji, mwalimu, mkunga, mchungaji wa kanisa. Hao wanajua nani alizaliwa wapi na shamba la nani linapakana na la nani. Mgeni anaweza kununua kadi. Kununua kijiji kizima ni kazi ngumu.

Lakini mashahidi hao wanazeeka, na kila vita vinawatawanya zaidi. Watoto nao wanazidi kuzaliwa mbali na kwao. Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, mzazi anahitaji hukumu ya mahakama, na hukumu ina gharama. Familia iliyohama mara tatu itapata wapi pesa hizo?

Kwa hiyo wanaodai sheria kali ya uhamiaji waanze hapa: siku 90 zisihesabiwe kwa waliokimbia vita, waliopoteza kadi wapewe nyingine bila kulipa, na ushahidi wa wazee uandikwe wangali hai. Hayo yakikosekana, sheria kali itamkosa mgeni na kumwangukia mkulima wa Masisi.