Jaribio Dogo Lisidharauliwe

Wako wadhanio kwamba fizikia haifanyiki pasipo mitambo ya thamani kubwa. Hiyo ni dhana potofu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, Tanzania, alitia ndani ya jokofu maziwa yenye sukari yaliyokuwa yangali moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amekosea, akachekwa. Hata hivyo alirudia jaribio kwa maji, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia mjini Dar es Salaam, walichapisha matokeo. Hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, kwani umbo la chombo na mahali kilipowekwa kipimajoto huweza kubadili matokeo.

Shuleni, mara nyingi mwanafunzi apataye jibu tofauti na la kitabu hulifuta upesi, akiogopa kupoteza alama. Kwa kufanya hivyo huifuta sayansi yenyewe. Ndugu mwalimu, mwamuru apime tena, aandike alichokiona, kisha atafute sababu. Vikombe viwili na kipimajoto vyatosha kumfunza mtu uaminifu wa mtafiti.