Mwani Wetu Usiishie Magunianí

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima hao ni akina mama. Sehemu kubwa ya mwani huo hukaushwa, hutiwa magunia na kupelekwa ng'ambo. Huku kwetu Chidya, na kote Masasi na Newala, korosho nyingi nazo huondoka ghafi, na mabibo huoza chini ya mikorosho. Maradhi ni mamoja, na dawa yake ni elimu.

Kila mpishi ajua kwamba utomvu wa papai bichi hulainisha nyama. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho papaini. Viwanda navyo hutumia vimeng'enya kutengeneza dawa na kung'arisha maji ya matunda. Lakini kimeng'enya kikichanganyika na maji ni taabu kukirudisha. Kazi ikiisha, nacho kimepotea pamoja na gharama yake. Ndiyo maana wataalamu hukifunga kwenye kitu kisichoyeyuka, mfano wa mbuzi aliyefungwa kamba: majani anakula, lakini hapotei. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani iliitumia njia hiyo kiwandani. Katika miaka ya 1970 ikafungia bakteria wenye vimeng'enya ndani ya karajinani, yaani ute wa mwani.

Siku hizi vifungio hivyo hufanywa vidogo mno, kwa kipimo cha nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo vimeng'enya vingi zaidi vinavyopata pa kushika. Selulosi ya mimea kama katani hufaa, na kitosani ya maganda ya kamba na kaa hufaa vilevile. Taabu ni kwamba chembe hizo ni vigumu kuchuja. Basi mara nyingine hutiwa ndani ya ute ulioganda, na ute huo waweza kutoka katika mwani.

Hatudai kiwanda kesho. Tunakumbuka viwanda vya kubangulia korosho vilivyojengwa Kusini kwa mikopo na mitambo ya kigeni. Vingi vilikwisha kusimama kabla miaka ya 1980 haijaisha. Ujuzi hauna budi kutangulia majengo.

Kwa hiyo tunaziomba Serikali zote mbili ziwape kazi moja iliyo wazi Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, shirika la TIRDO na kituo cha utafiti cha Naliendele: wapime kama kimeng'enya kilichofungwa kwa mwani wa Pemba chaweza kung'arisha maji ya mabibo ya Chidya, mara ngapi, na kwa gharama gani. Majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wakulima wenyewe, yakiwa mazuri au mabaya. Mwenye mali ana haki ya kujua mali yake inafaa nini kabla ya kuipima kwenye mizani ya mnunuzi.