Wazee wasibebeshwe pengo la Hazina

Bima ya afya ya zamani, NHIF, ilipofungwa na mamlaka mpya ya bima hiyo, SHA, kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, Wakenya waliahidiwa kwamba zahanati na vituo vya afya vitatibu bure, Hazina Kuu ilipe. Hazina inapotoa pungufu au kuchelewa, rafu za dawa hubaki tupu, na wanaoumia zaidi ni wazee.

Kijana akikosa dawa ya mafua atapona tu. Mgonjwa wa presha au sukari humeza vidonge kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Akifika dirishani na kuandikiwa karatasi akanunue nje, hununua vya wiki mbili badala ya mwezi, au hukata kidonge nusu ili kifike mbali. Presha haimngoji. Siku moja analetwa kwa bodaboda, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, anatakiwa kulazwa. Kulazwa si bure, na sasa ndipo anapoulizwa kama amelipa mchango wa SHA.

Na atalipaje? Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji na choo, akadiriwe uwezo, kisha atoe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Posho ya Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, tena huchelewa. Bima peke yake inameza karibu posho ya miezi miwili. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole humkopesha mchango huo, lakini ajuza wa miaka 78 atalipa deni kwa kazi gani?

Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba serikali itawalipia maskini milioni 2.2. Ni hatua njema, ila haitoshi: mzee mwenye paa la mabati na ng'ombe mmoja anaweza kuonekana anajiweza. Majina ya wazee wa Inua Jamii serikali inayo tayari. Iwalipie wote bima moja kwa moja, bila kuwapima umaskini upya, na bajeti ijayo itenge fedha hizo. Pesa za zahanati nazo zitolewe mwanzoni mwa kila robo mwaka. Kwa sasa, kila zahanati ibandike mlangoni orodha ya dawa zilizopo na zilizokwisha, mzee asimalize nauli kwenda kuambiwa hakuna.