Mnamchoma hadi lini? (Kisukari nyumbani, sehemu ya 4)

Mama zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata neno, sehemu tatu zilizopita tulikwenda polepole. Tulisema kisukari cha watoto ni nini, kwa nini kongosho limegoma, na kwa nini vidonge vya bibi havimfai mjukuu. Leo nina ugomvi, na mnivumilie.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mtu anayeanza insulini analazwa, anachomwa asubuhi na jioni. Anachomwa na nesi wa zamu, anachomwa na mwanafunzi, kila mtu wodini amemchoma isipokuwa yeye mwenyewe na mama yake. Siku ya kuruhusiwa anapewa kichupa, fungu la sirinji na sentensi moja: "Utakuwa unachomwa zahanati ya karibu." Basi. Karatasi imeandikwa Kiingereza cha mkato, mama anaikunja, anaitia kwenye pochi, wanapanda daladala.

Haya, tupige hesabu ambayo hakuna aliyempigia huyo mama. Sindano mbili kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka. Wa dozi nne ni 1,460. Hizo zote aende zahanati? Insulini nyingi tunazotumia huku zinatakiwa kuingia kama nusu saa kabla ya kula. Mtoto wa shule anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, zahanati bado ina kufuli. Achomwe na nani? Jumapili je? Siku ya Idi? Usiku wa mvua za masika, njia imejaa maji? Kinachotokea mnakijua. Dozi ya jioni inarukwa leo, kesho inarukwa ya asubuhi, wiki ya pili mtoto anarudi wodini anahema mbiombio, anatapika, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Na sisi tunamkazia macho mama: "Humpi mtoto dawa?" Swali hilo linanichefua. Mama wa watu kafundishwa lini?

Wenzangu wa kada watanijibu, najua, maana wananijibu hivyohivyo kwenye chai: "Wagonjwa wetu wewe huwajui? Wengine hata shule hawakwenda. Watajiua." Hofu hiyo siidharau, kwa sababu insulini si Panadol. Insulini nyingi siku hizi ni ya uniti 100 kwa mililita moja. Sirinji yake ina mistari ya uniti na kifuniko cha rangi ya chungwa. Ukivuta dozi hiyohiyo kwa sirinji ya uniti 40, ile ya kifuniko chekundu, mstari wa 20 unakupa uniti 50. Ukitumia bomba la kawaida la mililita ukasoma vibaya, ni balaa zaidi. Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kufa. Sasa niambieni, yupi yuko kwenye hatari kubwa: mama aliyeonyeshwa tofauti ya vifuniko hivyo kwa macho yake, au mama ambaye jirani "anayejua kuchoma" anakuja na bomba lolote alilolikuta duka la dawa?

Halafu hili la shule. Mama anayekadiria unga wa ugali wa watu saba bila mizani, anayejua konda kampunja shilingi mia mbili hata kabla hajafunga kiganja, huyo ndiye hawezi kuhesabu mistari ya sirinji? Tuache utani. Kama macho yamefifia, hilo ni jambo la kweli, hasa kwa wazee wetu. Hapo tutafute mtu mwingine wa nyumbani avute dozi, au kalamu ya insulini inayolia "tiki" kila uniti ukizungusha, kama inapatikana. Tatizo la macho lisifanywe tatizo la akili.

Mgonjwa wa kwanza kupewa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, kule Toronto, Januari 1922. Na daktari Joslin wa Boston alikwishatoa kitabu cha kisukari cha daktari na mgonjwa mwaka 1918, kabla hata insulini haijapatikana, kwa sababu aliona mgonjwa asiyefundishwa haponyeki na chochote. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Sisi bado tunabishana kama mama ashike sirinji au asishike!

Sasa shika. Dozi anapanga daktari, usiibadilishe kwa kusikia. Mkono ni wako.

Nawa kwa maji na sabuni. Ile insulini nyeupe kama maziwa izungushe taratibu kati ya viganja mpaka iwe sawasawa, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Ile inayotakiwa kuwa angavu ukiikuta ina ukungu, iache, rudi nayo kliniki. Vuta hewa kiasi kilekile cha dozi, isukume ndani ya kichupa, geuza kichupa kichwa chini, vuta dozi. Kuna kipovu? Gonga kwa kidole, rudisha, vuta tena. Choma tumboni, vidole viwili mbali na kitovu, au paja upande wa nje. Bana ngozi kidogo, ingiza, sukuma, hesabu mpaka kumi, toa. Usisugue. Kesho hama. Watoto wanapenda kuchomwa palepale kwa sababu hapaumi tena, ila pale panajaa uvimbe laini na insulini hainyonywi vizuri, halafu mnashangaa sukari haishuki na dozi mmetoa.

Kichupa ulichokwisha kufungua kiandike tarehe, wiki nne zikipita kibadilishe. Huna friji? Kitie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kisichopitisha maji, kopo liweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Mwenye friji asikiweke kule kwenye barafu, ikiganda imeharibika. Sindano zilizotumika zitie kwenye dumu gumu la plastiki, lirudishe kituoni. Si chooni, si jalalani wanakochezea watoto wa wenzio.

Na sukari ikishuka, yaani chini ya 4, au mtoto anatetemeka, jasho, anaongea vitu visivyoeleweka na kipimo huna: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, anywe, subiri dakika 15, pima tena, akikaa sawa apewe chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Nesi asiyekufundisha aya hii kabla ya kukuruhusu hajakuruhusu, amekutelekeza.

Jambo jingine wanalolisahau wengi: mtoto akiugua malaria au akikataa kula, insulini haiachwi kabisa. Piga simu kliniki wakupangie, lakini usifunge kichupa kabatini eti hajala. Hapo ndipo wanapoanza kuhema mbiombio.

Mtoto naye? Kuanzia miaka 10 hivi wengi wanaweza kujichoma, ila mtu mzima awepo atazame mstari. Usimwachie dozi peke yake kwa sababu eti "ameshakuwa mkubwa". Na nyumbani wajue watu wawili, si wewe tu. Baba ajue. Dada wa kazi ajue. Ukipata uchungu wa kujifungua usiku wa manane, nani atamchoma kaka mtu?

Shule ndiyo inanichosha zaidi. Insulini inafungiwa ofisini, ufunguo anao matroni, matroni kaenda msibani. Mtoto mwingine kanyang'anywa sirinji kwa sababu mwalimu alidhani anajidunga unga! Kwa hiyo usingoje shule iulize. Nenda na barua ya kliniki, nenda na sirinji, mchome mtoto mbele ya mwalimu wa darasa na matroni, mwambie mwalimu aweke sukari kwenye droo yake. Wakikuona unajiamini, nao wanatulia. Shangazi atakayesema "akianza sindano ndiyo mwisho wake" mjibu kwa heshima kwamba kwa kisukari hiki mwisho unakuja akiacha.

Kwa wewe ambaye mwanao yuko wodini leo hii: kesho asubuhi nesi akija na trei, mwambie, "Nesi, naomba nivute mimi, wewe unitazame." Akisema ana haraka, mwambie utangoja amalize wengine. Fanya asubuhi, fanya jioni, fanya siku inayofuata. Usisaini karatasi ya kuruhusiwa mpaka umefanya mwenyewe tangu kunawa mikono hadi kutupa sindano, na mtu amekuangalia. Ukikataliwa, muulizie nesi mkuu wa wodi.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi, sukari kushuka usiku wakati nyote mmelala. Maswali ya dozi msiniandikie hapa, hayo ni ya kliniki.