Studio ya redio shuleni: transmita ije mwisho

Nimekuwa kimya hapa karibu wiki tatu, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Mayoni, na huko nikatiwa katika kamati. Ukishasomea kompyuta, kila kitu chenye waya kijijini ni chako.

Shule moja ya sekondari (sitaitaja) inataka studio ya redio. Wazazi wamechanga, na wazee wa kamati wanataka karibu pesa zote ziende kwa transmita ili shule isikike hadi Mumias. Nilipinga, nikaonekana kijana wa Nairobi aliyekuja kuharibu. Acha nimalizie hapa yale niliyokatizwa mkutanoni.

Masafa ya FM, 87.5 hadi 108 MHz, si shamba la mtu. Kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa, chini ya sheria ya mwaka 1998. Mzee mmoja alisema mtambo mdogo hautagunduliwa. Mzee wangu, kinachosikika Mumias kinasikika pia na wakaguzi! Na hata baraka za serikali hazitoshi: redio ya jamii ya Homa Bay, iliyofunguliwa 1982 na serikali pamoja na UNESCO, ilikuwa na transmita yake, lakini haikudumu miaka mingi ikafungwa. Koch FM ya Korogocho nayo ilianza 2006 ndani ya kontena, ikiendeshwa na vijana wa mtaa wenyewe.

Sasa chumba. Walichochagua kiko chini ya mabati matupu, hakina dari. Sisi wa Kakamega tunaijua mvua ya alasiri: ikianza, husikii hata mwalimu aliye mbele yako. Ukinunua maikrofoni ya bei kali, itakurekodia mabati vizuri sana. Na tafadhali, tuache hadithi ya trei za mayai. Hazizuii kelele za nje, zinapunguza mwangwi kidogo tu. Kinachosaidia ni kitu kizito: dari, mapazia mazito, magodoro ya zamani ya bweni. Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Likikurudia, ongeza godoro. Halafu rekodini asubuhi, kabla ya mvua. Hiyo ni bure.

Kompyuta moja ya mitumba yenye Linux na Audacity, programu huria iliyotoka mwaka 2000, inatosha kabisa. Kipindi cha dakika 30 (mono, 44,100 Hz, biti 16) kinakula karibu MB 159. Kigeuze MP3 ya kbps 64, kinabaki kama MB 14. Kinaingia kwenye flashi, kinachezwa kwa spika za paredi wakati wa chai, mzazi anakipata kwenye simu. Kikiwa kizuri, kipelekwe kwa kituo chenye leseni, mfano MMUST FM pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Lakini kilichonifanya nipaze sauti mkutanoni ni ufunguo. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kompyuta kumi, zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli. Zilifunuliwa wageni wakija. Mara ya kwanza kushika kipanya nilikuwa chuoni, nina miaka 19, na jirani yangu darasani alikuwa tayari anaandika programu. Transmita ni kifaa ambacho hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kukigusa. Kinasa sauti watagusa, watakosea, watafuta kipindi kizima kwa bahati mbaya, watarekodi tena. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto waliambiwa wasikilize masomo redioni. Walisikiliza, wale waliokuwa na redio. Safari hii nataka wao ndio waongee.

Jumamosi kamati inakaa tena. Nimetuma bajeti: dari, maikrofoni mbili, mikisa ndogo, betri ya kushikilia stima ikipotea, na funguo tatu, mbili za wanafunzi. Mwenyekiti amejibu kwa ujumbe mmoja tu: "Na jina la kituo litakuwa nani?"