Chuma Ndani ya Mfupa

Ndugu msomaji, huenda katika ukoo wako yumo mtu anayetembea na chuma mguuni. Pikipiki zimewafanya watu hao kuwa wengi, mjini na vijijini. Kijana akianguka katika mteremko wa Kamachumu, wilayani Muleba, mfupa wa muundi ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi, hukimbizwa hospitali ya Ndolage ya Kanisa la Kilutheri, iliyo huko huko juu, au hupelekwa mbali zaidi. Mara nyingi mvunjiko wa namna hiyo hatimaye huhitaji chuma.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba chuma hicho, siku kinapoingizwa, ni kama kibanja kisicho na mwenyewe. Chembe hai za mfupa hukitaka, na bakteria nao hukitaka. Daktari Mmarekani, Anthony Gristina, aliyafananisha hayo na mbio mwaka 1987. Chembe za mwili zikitangulia, huota juu ya chuma na bakteria hukosa pa kushika. Bakteria wakitangulia, hujenga utando wa utelezi ambao dawa huupenya kwa shida. Na kwa kuwa ndani ya chuma hakupiti damu, askari wa mwili hawafiki kwa urahisi. Hapo ndipo huanza usaha, kidonda kinachofunga na kufunguka, na pengine mguu kukatwa.

Kwa muda mrefu wataalamu walitafuta dawa ya kukipaka chuma, na tangu miaka ya 2000 zimekuwapo Ulaya nondo za mfupa zilizopakwa jentamisini. Lakini mwaka 2012 Elena Ivanova na wenzake huko Australia walieleza jambo la ajabu kuhusu ubawa wa nyenze. Ubawa huo umejaa vinguzo vyenye kimo cha nanomita 200 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Bakteria akitua juu yake, ngozi yake huvutwa kati ya vinguzo hadi ikapasuka. Haiui sumu, linaua umbo. (Watu wa Kagera hunyofoa mbawa za senene na kuzitupa, sisemi kwamba nazo zina siri hiyo, ila ubawa si kitu cha kudharauliwa.)

Hata hivyo, bakteria wenye ganda nene, kama Staphylococcus aureus, adui mkubwa wa mifupa, waliushinda ubawa wa nyenze. Mwaka 2013 ilionekana kwamba ubawa wa kereng'ende huwaua hata hao. Tangu hapo maabara nyingi zimechonga vinguzo kama hivyo juu ya metali ya titani. Maswali hayajakwisha: mizoga ya bakteria huweza kuvifunika vinguzo, na nondo hupigwa nyundo ikiingia mfupani. Kwa sehemu kubwa kazi hiyo bado imo maabarani.

Kwetu, nondo zinazojulikana sana, zikiwamo zinazotumika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ni za SIGN, shirika la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999. Ni za chuma kisichoshika kutu, tena zimeokoa miguu mingi, lakini hazina vinguzo hivyo.

Basi kwa mgonjwa wetu, saa za kwanza ndizo zenye uzito mkubwa. Mfupa uliotokeza usiusukume ndani, wala usiupake majivu au majani. Ufunike kwa kitambaa safi, uufunge mguu usichezecheze, na uende hospitali moja kwa moja, kwanza kabla ya mganga wa kuunga mifupa, ili dawa ya kuua bakteria ianze mapema na kidonda kioshwe. Na hata ukipita mwaka, mguu wenye chuma ukianza kuvimba au kutoa usaha, mrudishe mgonjwa kwa waliomtia chuma kabla ya kumnunulia vidonge dukani. Daktari atataka kupima usaha ajue ni bakteria gani, na vidonge vilivyotangulia huweza kumficha.