Mdogo Akimshinda Mkubwa, Tuseme Nini?



Wengi wetu hapa Kirungu hatukulala mapema usiku wa Jumapili, tarehe 16 Novemba 2025. Waliokuwa na jenereta waliwakaribisha wasio nayo, na waliokosa nafasi mbele ya televisheni walifuata mpira redioni, sauti ikija na kupotea. Huko Rabat, nchini Moroko, Chui wetu walikuwa wakikabiliana na Nigeria. Siku tatu kabla ya hapo walikuwa wameitoa Kameruni kwa bao moja la Chancel Mbemba, lililofungwa katika dakika za nyongeza. Hata hivyo, wachache walithubutu kututabiria ushindi wa pili. Nigeria imekwisha kucheza fainali za Kombe la Dunia mara 6. Sisi hadi usiku ule tulikuwa tumezicheza mara 1 tu, mwaka 1974, tulipokuwa bado tunaitwa Zaire, na tulirudi nyumbani tukiwa tumefungwa mabao 14 pasipo kufunga hata 1.

Mnayajua yaliyotokea. Nigeria walifunga mapema sana, Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, na baada ya dakika 120 matokeo yalibaki 1 kwa 1. Mwishoni kabisa kocha Sébastien Desabre alimtoa golikipa Lionel Mpasi, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Fayulu aliokoa, Mbemba akapiga ile ya mwisho, Kongo ikashinda kwa penalti 4 dhidi ya 3. Vigelegele vilisikika katika kila mtaa.

Mabishano yalianza kesho yake. Sisi tuliyasikia uani mwa kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya, na hatuna shaka kwamba yaliendelea hivyo hivyo huko Moba bandarini na kwenye masoko ya Kalemie. Kundi la kwanza lilisema: ni bahati tu. Victor Osimhen aliumia, hakurudi kipindi cha pili; angalikuwepo, tungalilia. Kundi la pili lilisema kwamba Mungu ni Mkongomani. (Baba katekista aliwauliza kama huko Onitsha hawasali rozari. Hawakuwa na jibu.) Lakini kundi lililotufanya tuandike ukurasa huu ni la tatu. Baada ya mchezo, kocha wa Nigeria, Éric Chelle, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba mtu mmoja wa upande wa Kongo alifanya uchawi wakati wa penalti. Tulitazamia vijana wetu wakasirike. Baadhi walikasirika kweli. Wengine walifurahi. “Mmesikia? Hata wao wamekiri kwamba tuna bwanga kali!” Nao wakacheka, wakapigana mikono, kana kwamba wamesifiwa.

Furaha ile ndiyo iliyotushtua. Kwa maana, vijana wapendwa, aliyesema tumeshinda kwa dawa hakutusifu. Alitunyang’anya. Alimnyang’anya Fayulu mikono yake, na kocha akili yake ya kumwingiza golikipa wa akiba katika saa ile ya hatari, jambo ambalo lingemfanya achekwe na nchi nzima kama lingeharibika. Alimnyang’anya Mbemba utulivu wa kuweka mpira chini, kurudi nyuma hatua chache na kupiga, huku mamilioni ya watu wakiwa wameshika pumzi. Haya yote yakiitwa bwanga, hakuna aliyefanya kazi. Nasi tulisimama pale tukiushangilia wizi huo.

Tusijidanganye kwamba bahati haimo katika kabumbu. Imo, tena nyingi. Mpira hugonga mwamba ukaingia, hugonga mwamba ukatoka. Kuumia kwa Osimhen kulitusaidia, na si aibu kusema hivyo. Tunachokataa ni ile desturi ya kulitafuta neno “bahati” au neno “dawa” pale tu anaposhinda yule ambaye hatukumtazamia. Brazili wakishinda tunasema wanajua mpira. Akishinda mdogo, tunauliza ametumia nini.

Wahubiri hupenda kumtaja Daudi na Goliati katika habari kama hizi, nasi hatutakwepa. Lakini someni tena sura ya 17 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, polepole. Daudi hakwenda uwanjani akiwa mgeni wa vita. Alikwisha kupigana na simba na dubu akilinda kondoo wa baba yake. Alijaribu silaha za Sauli, akaona hazimfai, akazivua. Aliteua mawe matano kijitoni, mawe laini, hakuokota lolote lililokuwa karibu. Alimtegemea Mungu, naam, na mkono wake ulikuwa umezoea kombeo. Wafilisti nao, baada ya kuanguka kwa Goliati, pengine walisema ni uchawi.

Kuna kisa kingine kilicho karibu nasi zaidi, nacho tunaomba mkisikilize hadi mwisho wake, kwa sababu kwa kawaida husimuliwa nusu. Wakubwa kati yenu wanakikumbuka. Wengine mlikuwa bado mgongoni mwa mama zenu. Ni kisa cha TP Mazembe mwaka 2010, wakati sisi wa Tanganyika tulipokuwa bado ndani ya mkoa mmoja wa Katanga na Lubumbashi.

Klabu hiyo, kama baadhi yenu msivyojua, ilizaliwa mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliianzisha kwa ajili ya wanafunzi wao, ikaitwa Saint Georges. Mwaka 2010, ikiwa bingwa wa Afrika kwa mara ya pili mfululizo, ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ilikwenda bila nahodha wake, Trésor Mputu. FIFA ilikuwa imemfungia mwaka mmoja kwa sababu ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika mechi iliyochezwa Kigali mwezi Mei. Mlikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Tarehe 10 Desemba Mazembe waliwafunga Pachuca wa Meksiko 1 kwa 0. Tarehe 14 walikutana na Internacional wa Porto Alegre, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Tangu mashindano hayo yaanze, fainali ilikuwa siku zote ya klabu za Ulaya na Amerika ya Kusini tu. Wengine wote walikuwa wasindikizaji. Wabrazili walishambulia, naye Robert Muteba Kidiaba akaokoa, akaokoa tena. Katika dakika ya 53 Mulota Kabangu alifunga. Dakika ya 85 Dioko Kaluyituka alimchezea beki miguu, akapiga shuti la chini, likaingia. 2 kwa 0. Kidiaba akakaa chini na kurukaruka kwa makalio katikati ya uwanja, mchezo ambao watoto wa Kirungu waliuiga hadi kaptura zikatoboka, na mama zetu hawakuupenda hata kidogo.

Dunia ilisema nini? Ilisema muujiza. Ilisema Wabrazili walidharau, Wabrazili walichoka, Wabrazili walikosa nafasi. Habari nyingi ziliwahusu walioshindwa. Sisi tuliumia, na tulikuwa na haki ya kuumia. Ajabu ni kwamba Internacional hao hao, mwaka 2006, walikuwa wadogo. Waliwafunga Barcelona 1 kwa 0 katika fainali ya kombe lilo hilo, huko Yokohama, wakati karibu kila mtu aliwapa Barcelona ushindi. Miaka minne ilitosha kumgeuza Daudi kuwa Goliati. Na Mazembe wenyewe, klabu tajiri kuliko nyingi barani, walikuwa Goliati wa kila timu ndogo iliyokuja kucheza Lubumbashi. Mwezi mmoja tu kabla ya Abu Dhabi walikuwa wameifunga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 katika fainali ya kwanza ya Afrika. Udogo haukai mahali pamoja.

Hapo ndipo kisa husimamishwa na wasimulizi. Sisi tunaendelea.

Tarehe 18 Desemba, katika fainali, Mazembe walifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0. Inter walipata mabao 2 katika dakika 17 za kwanza. Walikuwa na Samuel Eto’o, walikuwa mabingwa wa Ulaya, na walicheza vizuri kuliko sisi. Kusema hivyo kungetosha. Lakini mjini Lubumbashi baadhi ya mashabiki walisema mwamuzi ametuibia. Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Mashabiki wale, kwa hasira, walimdhania kuwa Mchina, wakaenda kuyavamia na kuyapora maduka ya Wachina waliokuwa wakifanya biashara mjini, hata polisi wakaingilia kati.

Tazameni vizuri. Watu ambao siku nne zilizopita walilia kwamba dunia haitaki kuukubali ushindi wao kama kazi ya mikono yao, ndio hao waliokataa kuukubali ushindi wa wengine. Mwenye duka hakuwa na filimbi. Hakuwa Abu Dhabi. Hata taifa lake halikuwa lile. Alilipa deni la mchezo ambao pengine hakuutazama. Na kumbukeni nahodha aliyekosekana: alikosekana kwa sababu ya ugonjwa ule ule, wa kumgeuzia mwamuzi hasira. Tuliugua mwezi Mei uwanjani, tukaugua Desemba barabarani.

Mtatuambia kwamba hayo ni ya zamani, na ya mji mkubwa. Basi turudi nyumbani. Hapa kwetu, mvuvi akirudi kutoka ziwani na dagaa wengi usiku ambao wenzake wamerudi na nyavu tupu, husemwa nini gizani? Mjane ambaye shamba lake la mihogo limestawi kuliko la shemeji zake, husemwa nini? Mtoto wa familia maskini akishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa Serikali, na watoto wa wakubwa wakaanguka? Neno ni lile lile mlilolicheka uani mwa kanisa. Uwanjani ni mzaha. Likiingia kijijini, mzee hufukuzwa nyumbani kwake, mtoto huitwa mchawi akatupwa barabarani, na wako waliouawa. Hatusemi kwamba mpira ndio unaoyaleta. Tunasema kwamba ulimi uliozoea kuuita ushindi wa mdogo dawa siku ya Jumapili hauoni shida kuliita shamba la mjane dawa siku ya Jumatatu.

Kwa hiyo tumefikiri juu ya jambo moja dogo. Likizo ya Noeli inakaribia, na timu za mashirika yetu zitacheza kama kila mwaka. Tunawafahamu. Tunajua timu ipi ina viatu na jezi, na ipi hucheza pekupeku. Tunajua pia kwamba iliyo pekupeku inaweza kushinda, na kwamba ikishinda tutayasikia yale yale: wamezika kitu golini, refa ni mjomba wao, wamechukua wachezaji wa bandarini. Tunaomba kwamba mwaka huu, filimbi ya mwisho ikilia, kapteni wa timu iliyofungwa asimame kwanza mbele ya wote na kutaja jambo moja ambalo wenzake walilifanya vizuri kuliko timu yake. Jambo la mpira, lililoonekana kwa macho: beki wao wa kushoto hakuchoka, walipigiana pasi fupi wakati sisi tulikuwa tunabutua, golikipa wao alitoka mapema. Kisha kapteni wa washindi aseme vivyo hivyo juu ya walioshindwa.

Kijana mmoja, mshambuliaji hodari ambaye hatutamtaja, alituuliza: “Na kama refa ametuonea kweli, tunyamaze?” Hapana, mwanetu. Waamuzi hukosea, na wengine hukosea kwa makusudi. Andikeni barua kwa kamati, mtaje dakika na tukio, mlete mashahidi, na kamati ijibu. Ila barua hiyo iandikwe kesho yake, baada ya kulala usingizi, na isiwe na neno lolote kuhusu mjomba wa mtu.

Tumekwisha kuwaomba makapteni wawili wajaribu jambo hili katika mechi ya kwanza. Mmoja amekubali. Wa pili amesema naye atakubali, akishinda.